Swali la Msomaji: Umri wa Pipa na Ladha ya Ngano

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, kaka yangu ameniletea kutoka Marekani wiski ya bourbon yenye ngano, iliyokaa pipani miaka 12. Nitajuaje kama umri huo umeifaa? Msomaji, Nyamagana, Mwanza.

JIBU: Ndugu msomaji, kwa sheria ya Marekani bourbon hutokana na nafaka ambazo angalau asilimia 51 ni mahindi, nayo hukomazwa katika mapipa mapya ya mti wa mwaloni yaliyochomwa ndani. Katika aina uliyoletewa, ngano imechukua nafasi ya rai, nafaka iletayo ukali wa viungo. Na kwa kuwa ngano ni pole, ladha ya mti hujitokeza wazi, kwa wema au kwa ubaya.

Mimina kidogo katika glasi yenye mdomo mwembamba, ndani ya nyumba, kwa sababu barazani upepo wa ziwa na harufu ya sangara wa kukaangwa vitakupotosha. Iache kwa dakika 10, kisha uinuse taratibu huku ukiachama kidogo, ukitafuta vanila, asali na sukari iliyoungua. Barafu usitie kabisa, kwani baridi hufunga harufu. Matone machache ya maji yanatosha.

Hukumu yenyewe iko mwishoni mwa funda. Utamu ukidumu pamoja na mti, pipa limefanya kazi njema. Ulimi ukikauka na kubaki na uchungu kama wa chai iliyochemshwa mno, basi mti umeimeza nafaka, na kwa maoni yangu hakuna bei wala umri unaoweza kuitetea chupa hiyo.