AC ya Celica inapoza barabara kuu, kwenye foleni inatoa joto: ninunue kompresa?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nina Toyota Celica GT-Four ya 1991, niko Nairobi. AC ikijazwa gesi inapoza vizuri nikiwa Thika Road usiku. Nikikwama kwenye foleni mchana, hewa inakuwa vuguvugu, na baada ya wiki chache gesi yote imekwisha. Fundi wa kwanza anasema kompresa imekufa, nitafute ya mtumba kwenye vipuri vya Grogan, hapa mjini. Wa pili alivuta vakyumu, yaani alinyonya hewa yote kwenye mfumo kwa pampu, mshale wa geji ukagota kwenye inchi 24 badala ya 29, akasema mfumo umetoboka pakubwa. Nimwamini nani?

JIBU: Nzuri, ndugu yangu. Kwanza hongera kwa kuitunza gari hiyo. Ni jamii ileile ya Celica aliyoshinda nayo dereva Mkenya Ian Duncan Safari Rally ya 1994. Sasa weka pesa yako ya kompresa mfukoni kwa muda. Una matatizo mawili tofauti, na mafundi wako wanayachanganya.

La joto kwenye foleni kwanza. Kompresa inasukuma gesi ya moto kwenye kondensa, ile inayokaa mbele ya rejeta, ili ipoe na kuwa kimiminika. Gari ikikimbia, upepo wa barabarani unaifanya kazi hiyo bure. Gari ikisimama, kazi yote inabaki kwa feni ya umeme. Feni ikiwa imekufa, au inazunguka kwa uvivu, presha ya upande wa juu inapanda mpaka ubaridi unapotea, na ikizidi sana swichi ya presha inaikata kompresa. Ongeza joto la turbo chini ya boneti na unaelewa kwa nini mchana ni mbaya kuliko usiku.

Kipimo chake hakigharimu kitu. Washa injini gari ikiwa imesimama, washa AC, halafu tazama kama feni ya kondensa inazunguka kwa nguvu. Kisha mwagia kondensa maji taratibu kwa mpira wa bustani. Ubaridi ukirudi ndani ya dakika moja mbili, shida ni upepo: feni, relei yake, waya, au matope na wadudu waliojaa kati ya kondensa na rejeta.

Fundi wako wa kwanza ana hoja kidogo, kwa sababu kompresa iliyochoka nayo hupoza vibaya injini ikizunguka polepole. Ila geji zinazitofautisha waziwazi. Kondensa ikikosa upepo, presha ya juu inapaa na ya chini inapanda pamoja nayo. Kompresa ikichoka, ya juu inashuka na ya chini inapanda, kana kwamba zinataka kukutana. Muulize alisoma nini kwenye geji. Kama hakufunga geji, alikuwa anakisia.

Fundi wa pili yeye amedanganywa na mlima. Geji ya vakyumu hupima tofauti kati ya ndani ya mfumo na hewa ya nje. Mombasa hewa ya nje ina inchi karibu 30 za zebaki, kwa hiyo 29 inawezekana. Nairobi, mita kama 1,700 juu ya bahari, ina inchi 24 na ushee tu. Pampu yake ilifika karibu na mwisho kabisa! Cha kuangalia ni mshale ukibaki palepale nusu saa baada ya kufunga valvu. Hata ukibaki, usiridhike: vakyumu inavuta kwa presha ndogo mno kuliko ile ya mfumo ukifanya kazi, na tundu dogo linajificha.

Tundu unalo, maana gesi haiishi yenyewe. Mwambie ajaze naitrojeni kavu hadi psi 150 hivi, apake povu la sabuni kwenye kila kiungo. Asitumie oksijeni hata kwa mzaha. Ikikutana na oili inaweza kulipuka. Atafute madoa ya oili yenye vumbi, hasa nyuma ya klachi ya kompresa. Sili ya shafti hukauka gari likikaa bila kuwasha AC, na magari ya aina yako hukaa sana. Kama ni sili peke yake, kompresa inatengenezeka.

Gari la 1991 lilitoka kiwandani na gesi ya R12, ambayo Mkataba wa Montreal wa 1987 uliiondoa sokoni. Ina maana wamekujazia 134, yaani R134a, gesi iliyochukua nafasi yake. Ukifungua mfumo, badilisha oringi zote (pete za mpira kwenye viungo) uweke za kijani zinazofaa 134, weka draya mpya (kichujio kinachonyonya unyevu), osha oili ya zamani. Oili ya madini haichanganyiki na 134. Inabaki kwenye evaporeta, ile inayopoza hewa ndani ya dashibodi, na kompresa inazunguka kavu. Mimi hupendelea oili ya esta kwenye magari yaliyobadilishwa gesi, kwa kuwa inavumilia mabaki ya ile ya zamani. Gesi ipimwe kwa mizani: asilimia 80 hadi 90 ya uzito ulioandikwa kwenye lebo ya R12. Lebo ikisema gramu 700, kama 600 zinatosha. Kuzidisha kunaleta joto lilelile la foleni.

Na usinunue kopo la bei ya kutupa. Gesi bandia yenye kemikali ya R40 (kloridi ya methili) hula alumini. Mwaka 2011 makontena ya friji yalilipuka Vietnam na Brazil kwa sababu hiyo, watu wakafa.

Ukimaliza hayo yote, feni inavuma, gesi iko sawa kwa mizani, na bado geji ya juu iko chini huku ya chini iko juu, hapo nenda Grogan. Kabla ya kulipa, zungusha klachi kwa mkono: izunguke laini na ikaze kidogo inapobana hewa. Oili ikitoka nyeusi au ina chembe za chuma, iache hapohapo.