Mwaka Mmoja Ndani ya Birika: Ushauri kwa Anayetaka Kuendesha Gari la Matangazo

Kwa mwaka mzima niliendesha gari lililoundwa kwa umbo la birika la chai. Lilikuwa jekundu, lenye mfuniko wa rangi ya dhahabu juu ya paa, mkono nyuma na mdomo mrefu uliochomoza mbele kupita bampa. Kazi yetu, mimi na mwenzangu, ilikuwa kulizungusha nchi nzima, kusimama masokoni, viwanjani na kwenye maonyesho, kugawa sampuli za chai na kuwaacha watu wapige picha. Tangu nilipoacha kazi hiyo, vijana wanaopata nafasi kama ile huniuliza wajiandae vipi, na wengi wao huanza na habari za hoteli na posho. Jibu langu huanzia kwingine: ukishaingia ndani ya gari la namna hii umeiaga faragha, na karibu kila ushauri nitakaoutoa hapa unatokana na hilo.

Kazi hii ina ukoo mrefu, na inafaa kuujua. Gari mashuhuri kuliko yote ni Wienermobile ya kampuni ya Oscar Mayer nchini Marekani, lenye umbo la soseji iliyolazwa ndani ya mkate. La kwanza lilitengenezwa mwaka 1936 kwa wazo la Carl Mayer, mpwa wa mwenye kampuni, likiwa na urefu wa futi 13 tu, ilhali ya siku hizi yana futi 27, yaani zaidi ya mita 8. Nchini Ufaransa, tangu mwaka 1930, msafara wa magari ya matangazo hutangulia mbele ya waendesha baiskeli wa Tour de France, na watu hupanga foleni kandokando ya barabara kuusubiri. Mwaka 2012 L.L.Bean, kampuni ya Marekani inayouza buti na mavazi, ilitimiza miaka 100 kwa kutoa gari lenye umbo la buti. Niliposoma kwamba Wienermobile huendeshwa na vijana wawili wawili kwa mkataba wa mwaka mmoja, niliona ni utaratibu wa busara. Baada ya mwaka wangu kwisha, naamini hivyo zaidi.

Anza na vipimo. Siku tuliyokabidhiwa funguo tuliambiwa kwamba kimo cha gari ni mita 3 na sentimita 40. Sikuridhika, nikapanda ngazi na tepu ya kupimia, nikapata mita 3 na sentimita 62, kwa kuwa aliyelipima alihesabu paa akasahau kifundo cha mfuniko. Sentimita hizo 22 zingeweza kutung'oa paa zima. Niliandika kipimo changu kwa wino mzito kwenye karatasi, nikakibandika mbele ya usukani, na hakikutoka pale hadi siku ya mwisho. Usiviamini kupita kiasi hata vibao vya kimo vilivyowekwa kwenye madaraja, maana barabara ikiongezewa tabaka jipya la lami nafasi iliyo chini ya daraja hupungua, huku kibao kikiendelea kusoma namba ya zamani. Hata hivyo, kwa uzoefu wangu, madaraja si adui mkubwa. Adui ni vile visivyo na kibao: mapaa ya vituo vya mafuta, matawi ya miti, nyaya zilizolegea, na malango ya hoteli ambayo mlinzi anakuhakikishia kwa moyo mweupe kwamba utapita. Simamisha gari, shuka, utazame mwenyewe.

Upepo nao unataka heshima. Bodi ya gari letu ilikuwa ya faibagilasi, pana na nyepesi ikilinganishwa na ukubwa wake, kwa hiyo kila upepo wa ubavuni uliikuta imesimama kama tanga. Msukumo wa upepo huongezeka kwa mraba wa kasi yake, maana yake upepo ukiongeza kasi mara mbili unalisukuma gari kwa nguvu mara nne, na dereva aliyezoea gari dogo hulitambua hilo akiwa amekwisha kuvuka mstari. Punguza mwendo kabla hujaingia kwenye daraja refu, na kabla hujatoka kwenye kinga ya mlima au msitu. Lori kubwa mnalopishana nalo litakusukuma kwanza kisha likuvute, hivyo mikono yote miwili ibaki kwenye usukani hata kama kuna watoto wanaokupungia. Jukumu la kuwapungia ni la aliyekaa kando yako.

Kuna hatari nyingine inayoletwa na sura ya gari lenyewe. Madereva hulipita gari lako, kisha hupunguza mwendo ghafla mbele yako ili abiria wao wapate picha. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa gari husafiri zaidi ya mita 22 kila sekunde, na birika lililosheheni mizigo halisimami kama gari dogo. Acha nafasi mara mbili ya ile uliyoizoea, na mtu akishaanza kucheza na mwendo ili apate picha, tafuta mahali pa usalama usimame, apige picha yake, aende zake.

Kuhusu kurudi nyuma, sheria yetu haikuwa na udhuru: gari halirudi rivasi mpaka mmoja wetu awe chini, aonekane kwenye kioo, na aongoze kwa mikono, kwa sababu kelele za watu humeza sauti. Nikimpoteza kwenye kioo, nilikanyaga breki bila kusubiri. Mwezi Julai 2009 Wienermobile mojawapo iliingia kwenye nyumba ya mtu huko Mount Pleasant, Wisconsin, kwa kuwa dereva alidhani ameweka rivasi kumbe gari lilikuwa tayari kwenda mbele. Kwa bahati hakuna aliyeumia. Kwa gari letu niliogopa zaidi watoto. Asubuhi moja, baada ya umati kutawanyika, nilizunguka gari kama kawaida, nikainama, nikamkuta mtoto wa miaka kama minne ameketi kivulini kati ya magurudumu ya nyuma, akipanga vifuniko vya chupa mchangani. Alinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyeingia nyumbani kwake. Nilimtoa taratibu, nikamkabidhi kwa dada yake, kisha nikakaa robo saa kabla ya kuwasha injini, kwa sababu miguu ilikuwa ikitetemeka. Uzunguke gari lako kila mara, na uiname.

Sasa nizungumzie mwenzako, maana ndiye atakayeufanya mwaka huo uwe mtamu au mchungu. Mimi ni mtu wa maneno. Mwenzangu alikuwa mkimya, hasa asubuhi. Mwezi wa pili tulimaliza siku tatu bila kusemezana ila kwa mambo ya kazi, na mimi nilidhani amekasirika kwa sababu ya zamu ya kuosha gari. Siku ya nne tuliegesha kando ya mto, akasema kwa upole, "Ndugu yangu, kuosha gari hakunisumbui. Kinachonichosha ni kusikia sauti ya mtu saa kumi na nne kwa siku." Ilinichoma, lakini alisema kweli. Tuliafikiana kwamba saa ya kwanza ya safari iwe ya kimya, bila mazungumzo wala redio. Kwamba siku moja kila wiki kila mtu aende njia yake. Na kwamba aliyeendesha gari asiwe ndiye anayekamata kipaza sauti tukifika. Msingoje mpaka mto uwapatanishe. Yasemeni hayo wiki ya kwanza, kabla hamjaanza kuhesabiana makosa.

Kisha kuna umma. Mtu mwenye gari la kawaida akikosea barabarani amekosea peke yake. Wewe ukikunja uso, ukimkatia mwenzako njia au ukitupa karatasi dirishani, watu mia watasema birika limefanya hivyo. Somo langu kubwa kuhusu hili nililipata siku tulipokuwa tukiingia katika mji mmoja huku muziki wa matangazo ukilia, na kwenye kona tukakutana uso kwa uso na msafara wa mazishi. Hapakuwa na mahali pa kuligeuza gari, wala huwezi kulificha birika jekundu la mita nane. Mwenzangu alizima muziki, mimi nikasogea hadi ukingoni kabisa mwa barabara na kuzima injini, tukashuka, tukavua kofia na kusimama kando ya gari vichwa vikiwa vimeinama mpaka mtu wa mwisho alipopita. Mzee mmoja alitoka kwenye mstari, akatupa mkono bila kusema neno. Tangu siku hiyo tuliweka ahadi ya kuzima muziki kila tunapokaribia mji, na kuuwasha baada ya kuuona mji uko katika hali gani.

Uchovu ndio utakaokuangusha usipoupangia. Watu watagonga dirisha la hoteli saa kumi na moja alfajiri wakitaka kuona ndani ya gari, na kwenye kituo cha mafuta, usiku, utakuta familia nzima inasubiri picha. Ushauri wangu ni kuwapa picha kwa roho safi na kuufunga mlango kwa adabu. Ziara ya ndani ina saa zake. Mwajiri naye awekewe mipaka. Safari moja ofisi ilitupangia vituo vitano kwa siku, pamoja na mwendo wa saa nane, tukakubali kwa kuogopa kuonekana wavivu. Jioni nilisinzia kwenye usukani, mwenzangu akaniita kwa jina langu kwa sauti ambayo hajawahi kuitumia tena. Kesho yake tuliandika barua kwamba hatutaendesha zaidi ya saa sita siku yenye maonyesho, na kwamba anayeendesha ndiye mwenye neno la mwisho kuhusu kusimama. Ofisi ilinung'unika, kisha ikakubali.

Mambo ya fedha nitayapitia kwa haraka: tenga posho na mshahara, weka risiti zote ndani ya bahasha moja, na usikopeshane na mwenzako.

Muda wako ukiisha, usikabidhi funguo na kuondoka. Sisi tuliwaachia waliotufuata daftari lenye malango tuliyoshindwa kupita, miti iliyoshuka matawi, mafundi walioielewa bodi ile na miji yenye upepo mbaya, kila ukurasa ukiwa na tarehe. Halafu tulikaa nao siku nzima kwenye uwanja mtupu, wao kwenye usukani na sisi chini, tukiwaongoza kwa mikono kurudi nyuma, mara ya kwanza, ya pili, hadi ya ishirini.