Nyungunyungu wawili tu kwenye bustani: udongo ni mbovu?

Usihukumu bado. Umesema ulichimba wakati wa kiangazi ukapata nyungunyungu wawili. Udongo ukikauka, nyungunyungu hushuka chini na kujikunja wakisubiri unyevu. Pima upya siku mbili tatu baada ya mvua nzuri. Chimba shimo la sentimita 30 kila upande na kina hichohicho, mwaga udongo juu ya gunia, uvunjevunje kwa vidole na uwahesabu. Wakifika 10 au zaidi, udongo wako uko vizuri. Angalia pia vitundu na vijichuguu vya kinyesi chao, vidogo vyenye punjepunje.

Wakiwa wachache hata hapo, mara nyingi ni njaa au jembe. Acha kupindua udongo kila msimu. Unawakata na kubomoa njia zao. Tandaza majani makavu unene wa sentimita 5 hadi 10, na samadi iliyooza kabisa. Mbichi huchemka na kuwafukuza. Mbolea ya salfeti ya amonia ikitumika miaka mingi huongeza tindikali, nao hawaipendi.

Tafadhali usinunue wale wekundu wa kutengenezea mboji: wao huishi kwenye samadi na taka zinazooza, kwenye udongo wa kawaida wa bustani mara nyingi hawadumu.