Kuungoja uozo unaozidi umri wa ulimwengu

SWALI: Ndugu Mhariri, nimesoma kwamba wanafizikia wanatafuta uozo wa kiini cha atomu ambao nusumaisha yake ni ndefu kuliko umri wa ulimwengu wenyewe. Jambo hilo linapimwaje, na linahusianaje na nyutrino? – Mwalimu wa sekondari, Morogoro.

JIBU: Ndugu Mwalimu, hakuna anayeketi kuingoja atomu moja. Nusumaisha ni muda ambao nusu ya atomu zilizopo huwa zimeoza, kwa hiyo mwenye atomu nyingi mno anaweza kutarajia chache zitakazotangulia wenzake.

Jemaniamu-76 hugeuka kuwa seleniamu-76 kwa kutoa elektroni mbili pamoja na antinyutrino mbili (antichembe, yaani pacha wa kinyume, za nyutrino, ambazo ni chembe nyepesi mno zisizo na chaji), ambazo hutoroka na sehemu ya nishati isiyotabirika. Mwaka 1937 Ettore Majorana, Mwitalia, alionesha kwamba chembe isiyo na chaji inaweza kuwa yenyewe ndiyo antichembe yake. Ikiwa nyutrino iko hivyo, basi mara chache sana uozo huo unaweza kutokea bila antinyutrino yoyote kutoka, na elektroni zitabeba nishati yote, yaani keV 2,039 kamili (keV ni kipimo cha nishati ya chembe). Kinachotafutwa ni kijilima kidogo mahali hapo kwenye grafu ya nishati ya elektroni.

Jaribio la GERDA, lililofanyika Gran Sasso, Italia, chini ya mwamba wa mita 1,400, lilizamisha fuwele za jemaniamu ndani ya agoni ya kimiminika na kumaliza kazi bila kukiona kijilima hicho. Kutokana na matokeo yake ya mwaka 2020, nusumaisha hiyo, kama ipo, inazidi miaka 18 ikifuatwa na sifuri 25. Kwa kipimo hicho kilo 100 za jemaniamu-76 zingetoa matukio yapatayo matatu tu kwa mwaka, na matatu hayo hufunikwa kwa urahisi na unururifu (mionzi) wa vumbi, wa vyuma, hata wa potasiamu iliyomo mwilini mwa fundi. Ndiyo maana jaribio la jirani, CUORE, linalotafuta uozo wa aina hiyo hiyo, lilijikinga kwa madini ya risasi ya enzi za Kirumi yaliyoopolewa kutoka meli iliyozama miaka 2,000 hivi iliyopita: risasi-210, aina ya risasi yenye unururifu na nusumaisha ya miaka 22, ilikwisha humo zamani. Sijui kazi nyingine ya fizikia inayowahitaji wapiga mbizi kiasi hicho!

Uozo huo ukionekana, itathibitika kwamba maumbile yanaweza kuzalisha elektroni mbili bila antichembe za kuzisawazisha, jambo ambalo huenda likasaidia kueleza kwa nini mata ilibaki na antimata, ile iliyoundwa na antichembe, ikatoweka. Usipoonekana, Majorana hatakuwa ameshindwa, kwa sababu nyutrino ikiwa nyepesi zaidi uozo nao huwa adimu zaidi. Hivyo LEGEND, mrithi wa GERDA, anaongeza jemaniamu palepale Gran Sasso.