Nyimbo Zilizosalia Kwenye Kadi: Jinsi ya Kuchagua Nyimbo Bora za Muongo Mmoja

Ukitaka kujua ni nyimbo zipi za miaka ya 2010 hadi 2019 ulizozipenda kweli, usianze na orodha za magazeti ya Ulaya na Marekani, wala usihesabu watazamaji wa YouTube. Anza kwa kujiuliza ni nyimbo zipi ulizokataa kuzifuta. Hapa Lubumbashi, kwa sehemu kubwa ya muongo huo, wengi wetu hatukusikiliza muziki moja kwa moja kutoka intaneti, kwa kuwa mega zilikuwa ghali na ziliisha kabla wimbo wa pili haujafika kwenye kiitikio. Tulikwenda kwa vijana waliokaa na kompyuta chini ya mwavuli, pembezoni mwa masoko ya komine, yaani manispaa, za Kenya na Katuba (Kenya yetu, si ile nchi), tukawapa faranga chache pamoja na kadi ya memori, nao wakatujazia mafolda mazima: rumba, bongo fleva, nyimbo za Wanigeria, za Wafaransa, za Wazambia, na folda moja iliyoandikwa tu "Wazungu", ambamo Adele alikaa pamoja na bendi ambazo hata kijana mwenyewe hakuwahi kuzisikia.

Kadi ya gigabaiti 2 au 4 hujaa upesi. Siku ya arusi ya shangazi simu inakataa kupiga picha, bibi arusi anaingia, na hapo hapo inakubidi uamue ni wimbo gani uondoke. Hukumu ya namna hiyo haina unafiki, kwa sababu hakuna anayejua unafuta nini, na hakuna wa kumwonyesha kwamba wewe ni mjuzi wa muziki. Wimbo uliopita katika hukumu kama hiyo mara nyingi, kutoka simu hadi simu, una haki ya kuingia katika orodha yako hata kama hakuna mchambuzi aliyeusifu.

Kwa msomaji ambaye leo ana programu yenye mamilioni ya nyimbo na hana haja ya kufuta chochote, nashauri ajitengenezee uhaba. Fungua orodha moja, uipe nafasi 50 tu, na ikishajaa usiongeze wimbo mpya bila kuondoa wa zamani. Uiache iishi hivyo kwa miezi kadhaa kabla ya kuandika neno lolote kuhusu "nyimbo bora". Utashangaa jinsi nyimbo ulizokuwa ukizitetea kwa maneno makali mbele ya marafiki zinavyoondoka bila wewe kusikitika.

Jambo linalofuata linachosha lakini haliepukiki, nalo ni tarehe. Mafaili yetu yalikuja na majina ya ajabu: "Track 07", jina la tovuti badala ya jina la mwimbaji, au Stromae na Gims wakitajwa pamoja katika wimbo ambao hakuna hata mmoja wao aliyeuimba. Kumbukumbu nayo hudanganya, kwa kuwa tunauweka wimbo katika mwaka ulipotufikia, si ule ulipotoka. Watu wengi wa mji huu wataapa kwamba "Alors on danse" ya Stromae ni ya mwaka 2010, mwaka ule ule TP Mazembe ilipocheza fainali ya Kombe la Dunia la Klabu dhidi ya Inter Milan, ilhali wimbo huo ulitoka Ubelgiji mwaka 2009. Mimi niliuondoa kwa sababu hiyo, na sikuumia sana, maana Stromae ana wimbo mwingine ulio mzito zaidi, ambao nitaufikia.

Usipoteze usiku mzima ukibishana iwapo wimbo fulani ni wa pop au ni wa lebo huru (kampuni ya muziki isiyo chini ya makampuni makubwa), yaani indi. Mpaka huo una matundu. Albamu ya Adele iitwayo "21", ya mwaka 2011, ambayo iliuzwa zaidi ya nakala milioni 30 duniani, ilitolewa na XL Recordings ya London, ambayo ni lebo huru. Robyn wa Sweden, ambaye wengi humweka katika pop bila kusita, alikuwa ameanzisha lebo yake mwenyewe tangu mwaka 2005, na "Dancing on My Own" ya mwaka 2010 ilitoka humo. Gotye, aliyezaliwa Bruges nchini Ubelgiji na kukulia Australia, alitengeneza "Somebody That I Used to Know" ya mwaka 2011 akifanya kazi nyumbani kwa wazazi wake, akitumia kipande kidogo cha gita cha Mbrazili Luiz Bonfá, na wimbo huo ukapigwa kila mahali duniani hadi ukapata Grammy ya rekodi bora ya mwaka. Ukiulizwa ni indi au ni pop, jibu kwamba ni wimbo, kisha endelea na kazi yako.

Kifaa unachosikilizia kinastahili uangalifu zaidi kuliko majina hayo. Spika ya simu inakula besi, spika ya teksi-basi inakula kila kitu isipokuwa besi, na spika kubwa ya baa ya Kamalondo inaupendelea wimbo wowote ule ilimradi umewekwa saa nne za usiku. Kwa hiyo wimbo unaoushuku, kwa wema au kwa ubaya, uusikilize katika mazingira mawili yaliyo mbali. "Royals" ya Lorde, msichana wa New Zealand aliyekuwa na miaka 16 ulipovuma mwaka 2013, hauharibiki popote, kwa kuwa umejengwa kwa vitu vichache mno: mdundo mzito, mlio wa vidole, na sauti zilizopangwa moja juu ya nyingine. Lakini "The Less I Know the Better" ya Tame Impala, iliyomo katika albamu "Currents" ya mwaka 2015, ukiusikia kwa spika ya simu utadhani ni kijana anayelalamika kwa sauti nyembamba, kwa kuwa mstari wa besi unaoubeba wimbo wote umepotea. Kevin Parker, ambaye ndiye Tame Impala, hurekodi karibu kila chombo peke yake huko Australia, na mtu aliyefanya kazi hiyo yote anastahili angalau vipokeasauti vya masikioni.

Jioni moja umeme ulikuwa umekatika, na nilikuwa nimeweka "Holocene" ya Bon Iver, ya mwaka 2011, kwenye spika ndogo ya betri. Baba mdogo, ambaye hana subira na muziki wa vijana na hajui Kiingereza hata kidogo, aliacha kula akauliza ni nani anayepiga gita hilo. Ukifikiri vizuri, swali lake lilikuwa halali kabisa. Wimbo huo unaanza kwa gita linalochezwa kwa vidole, nyuzi zikijibizana polepole, na mzee aliyekulia Katanga alilelewa na gita la vidole: Jean-Bosco Mwenda alirekodi "Masanga" mwaka 1952 mbele ya Hugh Tracey, mtafiti aliyekusanya muziki wa Afrika, akiwa na gita moja tu, na hadi leo wapiga gita wa nchi za mbali hujifunza kipande hicho. Sisemi kwamba Bon Iver alimsikiliza Mwenda. Ninachosema ni kwamba sikio letu lina historia yake, na mpenzi wa muziki wa Lubumbashi hana sababu ya kuzisikiliza nyimbo za Wamarekani kwa sikio la kukodi. Baba mdogo aliposikia sauti ya juu ya mwimbaji alisema kijana huyo anaimba kama mtu mwenye homa, akarudi kwenye sahani yake, lakini gita alilikubali.

Kuhusu lugha, nashauri utaratibu ambao wengine huuona wa kinyume: sikiliza kwanza bila kuelewa, kisha tafuta maneno, kisha usikilize tena uone kama wimbo umebaki ulipokuwa. Sisi tusiokijua Kiingereza vizuri tuna bahati katika jambo hili, kwa kuwa hatua ya kwanza tumepewa bure. "Pumped Up Kicks" ya Foster the People, ya mwaka 2010, ilinifurahisha kwa mluzi na mwendo wake mwepesi, hadi nilipojua kwamba inamhusu kijana mwenye bunduki na mawazo ya kuua. Si maudhui yaliyoniondoa, kwa maana wimbo una haki ya kuzungumzia giza. Ni kwamba baada ya mshtuko ule sikukuta kitu kingine chini yake, na wiki chache baadaye nikaufuta. "Papaoutai" ya Stromae, ya mwaka 2013, ilikwenda njia nyingine. Watoto wa mtaa wetu waliucheza katika sikukuu za kuzaliwa, wakiiga miondoko migumu ya video yake kama wanasesere wa plastiki, ilhali ni wimbo wa mtoto anayeuliza baba yake yuko wapi, ulioimbwa na mtu ambaye baba yake Mnyarwanda aliuawa katika mauaji ya kimbari ya mwaka 1994. Nilipolijua hilo, wimbo haukuacha kuchezeka, na uzito wake uliongezeka kila nilipousikia katika sherehe za watoto.

Nyimbo za rumba zina shida yake. Wimbo wa Ferre Gola kutoka "Boîte noire" ya mwaka 2013 unakuomba dakika nyingi, unaimba taratibu, unataja majina ya wafadhili, kisha ndipo gita la sebene, ile sehemu ya kasi ya kuchezea, linapofungua mlango. Huwezi kuuweka mizani moja na wimbo wa dakika tatu na nusu unaokupa kiitikio kabla hujakaa vizuri. Wanaosikiliza sekunde 30 kisha wakaamua wanaupendelea upande mmoja bila kujua. Kama huna muda wa kufika kwenye sebene, usiuhukumu. Uache nje ya mashindano, au utengeneze orodha ya rumba peke yake, jambo ambalo ndilo nililolifanya. Bongo fleva haikunipa taabu ya namna hiyo: "Mwana" ya Ali Kiba, ya mwaka 2014, iliingia bila mjadala, na "Number One" ya Diamond Platnumz, ya mwaka 2013, ikatoka, ingawa najua nitatukanwa.

Wapo pia wale wa kwetu ambao dunia iliwasikia kabla yetu. Mbongwana Star, kundi lililoanzishwa na wanaume wawili waliotoka Staff Benda Bilili, bendi ya Kinshasa, walitoa "From Kinshasa" mwaka 2015, na katika mafolda ya vijana wa mwavuli sikuwahi kuikuta. Ilinibidi niombe kwa ndugu aliyeko Ulaya. Petite Noir, kijana mwenye baba Mkongomani aliyekulia Afrika Kusini, alitoa albamu yake mwaka huo huo, na katika wimbo unaobeba jina la albamu, "La vie est belle", alimwalika Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi aliyelelewa Ubelgiji. Baloji ndiye ninayemsisitizia kila anayeniomba ushauri. Katika "Kinshasa Succursale" alirudi kurekodi Kinshasa na wanamuziki wa huko, akauchukua "Indépendance Cha Cha" wa Grand Kallé, wimbo wa mwaka 1960 ambao wazee wetu wanaweza kuuimba usingizini, akaujenga upya kwa jina la "Le jour d'après / Siku ya Baadaye". Ala ni zile zile za furaha, lakini sauti iliyo juu yake inauliza nini kilifuata baada ya sherehe. Hata hivyo, usimpe mtu nafasi kwa sababu tu ni mzaliwa wa kwenu. Mimi nilimpitisha Baloji katika mtihani ule ule wa kadi, na nyimbo zake kadhaa zilianguka, huu haukuanguka.

Kila msanii apate wimbo mmoja tu, la sivyo orodha itageuka kuwa wasifu wa mtu unayempenda. Nyimbo kama "Despacito" na "Shape of You", zote za mwaka 2017, unazikumbuka kwa sababu uliwekewa kwa nguvu katika kila duka na kila saluni, kwa hiyo ziulize swali la kadi kwa ukali zaidi. Mimi sikuwahi kuzibeba hata siku moja, kwa sababu sikuwa na haja: zilikuwa barabarani tayari.

Upangaji wa namba ufanye kwa zile tatu za juu pekee, zinazofuata uziache bila namba. Kwangu ya kwanza ni "Dancing on My Own". Katika kila sherehe ya mji huu kuna mtu aliyesimama karibu na viti vya plastiki, chupa ya soda mkononi imeshapata joto, akimtazama fulani akicheza na mwingine, na Robyn amempa mtu huyo mdundo wa kumwezesha kuingia uwanjani hata hivyo. Ya pili ni ya Baloji. Ya tatu ilikuwa "Holocene", mpaka mdogo wangu wa kike aliposimama kuitetea "Yope" ya Innoss'B wa Goma, ile ya mwaka 2019 aliyoirudia pamoja na Diamond Platnumz. Hoja yake ni kwamba wimbo wa dansi upimwe kwa idadi ya watu walioacha sahani zao na kuinuka, na kwamba katika arusi zote tulizohudhuria pamoja hakuna wimbo uliomwinua shangazi yetu mwenye magoti mabovu isipokuwa huo. Nilitafuta jibu nikalikosa, kwa hiyo "Yope" imekaa ya tatu, na "Holocene" imeshuka kati ya zile zisizo na namba.