Gundi ya mgunga kama wino wa kuchapia tishu hai
Mkuu, umeuliza kama gundi ya mgunga inayookotwa Singida na Kondoa inaweza kuwa wino wa kuchapia tishu hai, maana ni polima asilia (molekuli ndefu kama mnyororo, zinazotokana na mmea) na ipo jirani. Peke yake, hapana. Nafanya kazi na hidrojeli, yaani jeli zinazoshika maji mengi, hapa Dodoma, nikueleze.

Gundi hiyo hata ukiizidisha majini inabaki nyepesi. Printa ya tishu husukuma wino uliochanganywa na seli hai, tabaka juu ya tabaka, kwa hiyo inataka wino unaolainika ukisukumwa kwenye sindano, ukitoka ushike umbo.

Wengi tunaanzia kwenye alijineti, ute wa mwani wa kahawia, tukaichanganya na jelatini, protini ya ngozi na mifupa ya wanyama. (Mwani unaolimwa Zanzibar ni mwekundu, unatoa karajinani. Ni kitu kingine.) Alijineti ikikutana na kalsiamu inaganda palepale. Na maji ya bomba ya Dodoma unayajua, birika linajenga ukoko mweupe wa kalsiamu! Ukiyatumia, unapata madonge kabla hata hujawasha printa. Tafuta maji yaliyokenekwa ya maabara, si yale ya betri.

Jelatini nayo inalegea ikikaribia nyuzi 30. Oktoba na Novemba, chumba kisicho na kiyoyozi, mistari inatandazika. Sisi tunachapa asubuhi, juu ya sahani iliyopozwa. Halafu kwenye nyuzi 37 za kukuzia seli inayeyuka kabisa, ikikuacha na alijineti ambayo seli hazina pa kuishikia. Ndiyo maana watu hutumia jelatini iliyotiwa methakrilati (vikundi vya kemikali vinavyoungana kwa mwanga): ukiimulika mwanga inajifunga, haiyeyuki tena.

Sasa seli zenyewe. Wino mzito unachora vizuri, lakini msukumo kwenye sindano unazipasua. Mtu akikuonyesha umbo zuri bila kipimo cha seli zilizo hai, mimi nahesabu hiyo ni sanaa ya kuchonga. Na usichape donge nene: bila mishipa, oksijeni inapenya milimita 0.1 hadi 0.2 tu, seli za katikati zinakufa.

Kama bado unaing'ang'ania gundi yetu, ioksidishe kwa periodeti, chumvi ya iodini. Inapata aldihaidi, vikundi vya kemikali vinavyoshikana na jelatini, hapo inaganda kweli. Ila ichuje siku kadhaa kwa utando unaopitisha molekuli ndogo tu, kwa sababu mabaki ya kemikali hizo ni sumu kwa seli.

Sindano ya printa yako ina tundu la upana gani? Nikijua nitakupa viwango vya kuanzia.