Ukipangiwa Tunguu, hamia Tunguu

Kila mwaka majina ya waliochaguliwa vyuoni yakitoka, simu yangu haipoi. Wadogo zangu wa Konde na Micheweni kule Pemba, na marafiki wa marafiki zao, wote wana swali moja: dada, nikija Unguja nikae Mjini au nikae Tunguu, kule shamba nje ya mji viliko vyuo? Mimi nilisoma Tunguu na nilikaa Tunguu, na jibu langu ni lile lile la mwaka jana. Kaeni Tunguu. Ila jibu hilo lina mambo yake, na leo nayaandika ili nisiwe nayarudia simuni hadi vocha inakwisha.

Kabla ya yote, hakikisha darasa lako liko wapi. SUZA, yaani Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, si Tunguu peke yake. Kuna Vuga, kuna Nkrumah kule Beit el Ras, kuna Maruhubi kwa watu wa utalii, kuna Mbweni kwa watu wa afya, na Pemba pia ipo. Wapo waliokwishalipa kodi ya miezi sita shamba ndipo wakaambiwa vipindi vyao viko upande wa pili wa mji. Uliza chuoni kwanza, kwa mdomo wako, usitegemee maneno ya kwenye kundi la WhatsApp.

Kwa asiyepajua, Tunguu iko Wilaya ya Kati, kwenye barabara ya kusini inayotoka Mwanakwerekwe kwenda Paje na Makunduchi. Zanzibar University ilifunguliwa mwaka 1998 na iko hapo. SUZA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1999, nayo ikaja kujenga makao yake makuu hapo hapo. Basi vyuo vikuu viwili vimewekwa kwenye kijiji ambacho watu wake wakishasali Isha wanafunga milango. Ukikumbuka saa nne za usiku kwamba kalamu imekwisha wino, azima kwa mwenzako.

Watu wengi hukimbilia Mjini kwa sababu hiyo hiyo ya usiku. Wanaona Tunguu kumepoa mno. Wanachosahau ni gari. Daladala za Makunduchi, za Jambiani, za Bwejuu zote zinapita mlangoni pa Tunguu, lakini zile ni gari za watu wa shamba. Zinalala shamba, alfajiri zinateremka Mjini na watu wa sokoni, jioni zinarudi zilikotoka. Wewe unayekaa Magomeni au Jang'ombe unakwenda kinyume chake. Asubuhi si taabu sana. Jioni ndipo utakaposimama barabarani na mkoba mgongoni, ukitizama gari zinakwenda kusini zimejaa mpaka utingo ananing'inia, na za kwenda Mjini huzioni. Zipo gari za Tunguu zenyewe, lakini jua likishazama nazo huwa chache, na ukiipata moja utakaa na goti la mtu ubavuni na pakacha la mtu mapajani.

Kwa hiyo mwanafunzi wa Mjini akishasikia adhana ya alasiri roho yake haiko tena darasani. Anatizama saa. Na mambo yenye faida khasa ya chuo yanafanyika baada ya hapo: vikundi vya majadiliano, maktaba ikiwa imepungua watu, yule mwenzenu hodari wa hesabu ambaye mchana hana nafasi lakini baada ya Magharibi anakaa barazani na kumfahamisha yeyote aliyekuja. Nilisoma na watu wenye akili kunishinda waliokuwa wakikosa haya yote kwa sababu ya kuwahi gari. Wakati wa masika ndiyo usiseme. Miaka ile kabla ya madaraja, maji yalikuwa yakijaa Mwanakwerekwe na Kibondemzungu, na mtu anafika darasani ameikunja suruali mpaka magotini, kipindi kimeshapita nusu.

Ukipata nafasi ya dahalia, yaani bweni la chuo, mwaka wa mwanzo, ichukue, hata kama chumba ni cha watu wengi. Ukikosa, utapanga kwa watu, na hapo macho yawe mbele. Chumba chenyewe kisikushughulishe sana. Ukuta wa matofali, bati juu, dirisha la wavu, vyote vinafanana. Tizama maji na tizama Tukuza, yaani umeme wa kulipia kabla. Maji ya bomba yana siku zake, basi uliza kama nyumba ina tangi au kisima, na uliza kwa mpangaji aliyemo ndani, si kwa mwenye nyumba. Tukuza ndiyo inayovunja urafiki. Nyumba niliyokaa mimi ilikuwa na mita moja kwa vyumba vyote, na mtoto wa mwenye nyumba alikuwa na friji lake la kugandishia barafu za ubuyu za kuuza skuli. Friji linanguruma usiku na mchana, unit zinayayuka, na kila tukichanga tunaambiwa tunachaji simu mno! Hatukugombana. Tulikubaliana mwenye friji achangie mafungu mawili, tukaandika kwenye karatasi na kuibandika juu ya mita. Yaandikeni mapema, kabla hamjaanza kutizamana vibaya.

Ukishahamia, nenda kwa sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa. Najua vijana wa siku hizi mnaona ni mambo ya wazee, lakini sheha ndiye anayejua nani anaishi kwenye shehia yake, na siku ukipotelewa na kitambulisho au ukihitaji barua, utakwenda kwake tu. Ni vyema akujue siku ya amani. Mwenye nyumba akupeleke, utoe salamu, useme unatoka wapi na unasoma nini. Mimi sheha aliposikia natokea Konde aliniuliza habari za karafuu kabla hajaniuliza jina. Wale wa kutoka Bara, jambo hili kwenu ni muhimu mara mbili.

Na kijiji nacho kijueni. Ukipita barazani toa salamu, mkubwa umpe shikamoo yake. Kanga au kikoi cha kuvaa ndani usitoke nacho mpaka dukani kifua wazi, wanaume nanyi nawaambia. Haya hayagharimu kitu, na yanalipa siku fedha za mkopo zikichelewa. Maana zitachelewa. Hapo Mjini huna wa kumwambia, lakini Tunguu kuna daftari la dukani. Mzee mwenye duka anakuandikia mchele, mafuta, sukari na sabuni, na jina lako linakaa pale na tarehe yake. Mimi daftari lile lilinivusha muhula mzima. Lakini lina sharti moja: usifunge chuo ukaenda kwenu bila ya kulipa au angalau kupita kusema. Mmoja wetu aliondoka kimya kimya, na tuliporudi mzee alikuwa hamwandikii mwanafunzi yeyote, mwema wala mbaya. Ilibidi tumchangie deni la mtu aliyekwishahitimu ndipo daftari likafunguliwa tena.

Chakula chenyewe si taabu. Asubuhi chapati au mandazi na chai ya tangawizi kwa akina mama wa kando ya njia, mchana wali na mchuzi wa samaki au maharage ya nazi. Jioni pikeni wenyewe, kwa zamu, watu watatu au wanne sufuria moja. Kupika peke yako ni hasara ya mkaa na gesi. Msimu wa machungwa ukiingia, na kwa jirani zetu wa Ndijani hayo ndiyo mambo yao, utakula machungwa mpaka uchoke.

Ramadhani inahitaji maneno zaidi. Mchana sehemu za kula zinafungwa, na asiyefunga, kwa dini yake au kwa udhuru wake, ale ndani kwake mlango umefungwa, asionekane njiani na chupa ya maji. Mwenzangu mmoja kutoka Mbeya, Mkristo, alikuwa na hofu sana na mwezi ule. Jioni ya siku ya pili mtoto wa jirani akabisha hodi na sahani imefunikwa kawa: muhogo wa nazi, kipande cha samaki, tambi pembeni, na mkate wa kumimina. Mwenzangu akaniuliza mimi afanye nini. Nikamwambia ale, aoshe sahani, na ikirudi isirudi tupu. Alitia ndizi mbivu. Kuanzia hapo sahani ile haikusita, na mwisho wa mwezi alikuwa akijua jina la kila mtoto wa mtaa ule, na mimi nikiona wivu kidogo kwa sababu sahani zake zilikuwa kubwa kuliko zangu.

Kwa anayeona bado kumepoa: siku za mapumziko Mjini pako pale pale, asubuhi unapanda gari unakwenda kutembea Darajani na Forodhani. Julai kuna sherehe za Mwaka Kogwa Makunduchi, na safari hiyo gari zinakuchukua hapo hapo barabarani, huna haja ya kwenda Mjini kwanza. Msitu wa Jozani uko njia hiyo hiyo.

Nani asihamie? Mwenye wazazi Fuoni au Jumbi, akae kwao ale chakula cha mama. Na mwenye mtoto mdogo au kazi Mjini, huyo ana hesabu zake, sitamsemea.

Wapemba wenzangu, moja la mwisho. Tiketi za boti za kurudi nyumbani kwa sikukuu zikateni mapema, msingoje mwezi uandame. Na mkisafiri wakati wa kusi, mkondo wa Nungwi mnaujua. Kaeni katikati ya boti, chini, na ndimu mkononi, na mkoba wa vitabu uwekeni mbali na yule abiria aliyekula biriani bandarini.